Zumari Niliyoifuta kwa Sauti Yangu

Nakumbuka Ijumaa moja mjini Jeddah, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nilipoketi sakafuni kwenye chumba tulicholala wanaume sita, nikabonyeza kitufe cha kurekodi na kuanza kumfuta baba yangu. Sikujua kwamba ndilo nililokuwa nikilifanya. Nilidhani najibu barua.

Nyinyi vijana mnaokuja huku kazini siku hizi, mwanangu, mnaona nyuso za wazazi wenu kwenye simu kila mkitaka. Sisi tulitumiana kaseti. Mtu wa kwetu Vanga akija huku kwa kazi au kuhiji, alibeba kaseti zenye sauti za wazee wetu. Ulisikiliza, kisha ukarekodi majibu yako juu ya kaseti ile ile, ukampa msafiri mwingine airudishe. Kaseti moja ilikwenda na kurudi mpaka utepe ukachoka. Wote tulifanya hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Baba alikuwa mpiga zumari. Harusi za Vanga na vijiji vya jirani zilimngojea yeye. Aliweza kuvuta pumzi kwa pua huku mashavu yamejaa, sauti isikatike hata mara moja. Kwa maneno alikuwa mzito. Upande wa kwanza wa kaseti alinisalimu, akanipa habari za mama, za mvua na za kifua kilichomsumbua, akaishiwa. Upande wa pili alipiga zumari, nusu saa nzima, peke yake, bila ngoma.

Mara ya kwanza wenzangu waliposikia, walicheka.

"Bakari, babako katuletea harusi," alisema mmoja. "Bi harusi yuwapi?"

Niliona haya. Nikaizima redio kabla ya dakika tano kwisha, na tangu hapo sikuusikiliza tena upande wa pili. Niligeuza tu kaseti, nikarekodi juu yake mambo yangu: ikama, kile kibali cha kukaa, kafili aliyenidhamini kazini, joto, saa mpya niliyovaa.

Mle chumbani alikuwamo Ami Athmani, fundi cherehani, mkubwa wetu sote. Ijumaa ile aliniona na kidole kwenye kitufe, akaacha kushona.

"Hiyo usiifute. Tafuta nyingine."

"Ami, baba yupo. Atapiga nyingine."

"Na hii umeisikiliza?"

Nikabonyeza kitufe. Akaurudia mshono wake.

Baba alipiga nyingine, na nyingine, kwa miaka minne. Nilizifuta zote. Kisha akafariki, na kafili wangu wa wakati ule alichelewesha ruhusa ya kusafiri hata nilipofika nyumbani, baba alikuwa na siku kumi kaburini. Mama alinionyesha zumari iliyofungwa kwenye kitambaa. Kaseti zilizokuwa kabatini nilizipiga moja baada ya nyingine. Zilikuwa na sauti yangu, mwanzo hadi mwisho.

Baadaye nilihamia Riyadh, na mpaka leo naendesha gari la familia moja ya Al-Suwaidi. Kazi ya dereva kwa sehemu kubwa ni kungoja. Madam akiingia madukani Al-Sulimaniyah, nabaki ndani ya gari saa mbili, pengine tatu, sina wa kusema naye. Siku moja nikingoja hivyo nilijaribu kuikumbuka zumari ya baba, isije. Niliyaona mashavu yake, nikaviona vidole, lakini sauti haikuwamo. Jioni ile nilinunua daftari.

Mimi sikusoma sana shuleni. Mengi nimejifundisha mwenyewe, na kupanga mambo najua. Niliandika jina la kila aliyeoa kwa zumari ya baba, kila aliyebeba kaseti, kila aliyekuwa na redio yenye kurekodi. Yakawa majina ishirini na saba. Nikawapigia mmoja mmoja na kuandika jibu mbele ya jina. Kaseti ya harusi ya huyu imeharibiwa na unyevu. Ya yule, watoto walivuta utepe wakafungia kishada. Mmoja alikuwa nayo kweli, akarekodi mawaidha juu yake, na mimi nani wa kumlaumu? Kwa video za kwenye simu nilijifunza kuunga utepe uliokatika, nikatafuta redio kaseti kuukuu, nikaisafisha. Sikuwa na utepe wa kuunga.

Jina la mwisho lilikuwa la Ami Athmani. Nililiacha nyuma makusudi, kwa kuwa yeye ndiye aliyenionya. Mwaka huu nikasikia anarudi nyumbani moja kwa moja. Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda basi hadi Jeddah, redio mapajani.

Nilimkuta amefunga masanduku, cherehani ameshaigawa.

"Umezeeka, Bakari," alisema. "Nikidhani ni mimi tu."

"Ami, nimekuja kuuliza habari za kaseti."

Akatoa mfuko wa plastiki chini ya kitanda. "Nina amana yako. Ulinipa nimpelekee babako, safari yangu ikavunjika. Nikaisahau. Halafu mzee akafa, nikaona haya kukwambia kwamba barua yako haikumfika."

Mwandiko juu ya kaseti ulikuwa wangu. Tuliipiga pale pale. Upande wote wa kwanza nilikuwa mimi, kijana anayejisifu, asiyeuliza hata mara moja kifua cha baba kinaendeleaje.

"Ulikuwa msemaji wewe," Ami Athmani alisema. "Mbunge haoni ndani."

Tukageuza. Mimi tena, nikiendelea, mpaka mtu akasikika akiita nje, yalla, twende, nami nikasema, "Halas, baba, yatosha, naitwa kazini." Kitufe kikalia.

Kisha zumari.

Haikufika dakika moja. Ulikuwa mwisho wa wimbo, pale anapoushusha taratibu. Ikanyamaza. Baba akakohoa, nikamsikia akimuuliza mama, "Imeingia?"

"Imeingia yote."

"Basi atasikia."

Utepe ukaisha. Ami Athmani aliinuka, akaenda kukagua masanduku ambayo hayakuhitaji kukaguliwa.

Nimetoa nakala, nimewapa ndugu zangu wote. Mimi huisikiliza ndani ya gari nikingoja. Najua kila pumzi iliyomo. Yaliyoutangulia mwisho ule, na nyimbo nyingine zote za miaka minne, siyajui na hakuna wa kumuuliza.

Mwanangu, nakwambia waziwazi. Mzazi akikutumia sauti yake, isikilize mpaka mwisho kabla hujajibu, hata ikiwa ndefu, hata wenzako wakicheka. Simu ikijaa, anza kufuta picha zako mwenyewe. Kama unacho kitu kimoja tu cha mtu wako, mpe ndugu yako nakala leo hii. Na ukishasikiliza, muulize mzee jambo moja kuhusu alichokutumia, ajue kwamba kimefika. Mimi sikuuliza.

Mungu awape wazazi wako umri, akupe na wewe subira ya kuwasikiliza wangali na pumzi, na siku utakaporudi kwenu, ukute mtu mlangoni wa kukupokea.