Tola Tatu za Khilkumari

Katika mji wote wa Tansen hapakuwa na mwenye duka aliyefurahi kumwona Khilkumari akiingia. Mchele aliukagua punje kwa punje, samli aliinusa kabla ya kupimwa na baada ya kupimwa, na muuza maziwa alimwapisha kwa uhai wa ng'ombe wake kwamba hakutia maji. Tusimlaumu sana. Mjane asiyeshuku huliwa hadi mifupa.

Kitu kimoja tu hakukishuku maishani: bangili mbili nene alizovishwa na baba yake siku ya arusi. Mzee alisimama mbele ya wakwe, akatamka kwa sauti kwamba uzito wake ni tola tatu. Na kwetu dhahabu ya baba haipimwi. Kuitia mizanini ni kumtukana aliyeitoa. Basi tola zikawa tatu kwa kuwa baba alisema.

Sasa binti yake, Sabitra, alikuwa anaolewa, na bangili ziyeyushwe ziwe mkufu. Khilkumari alikwisha kuwaambia wakwe wapya kwamba mkufu utakuwa wa tola tatu. Aliyasema hadharani, na neno la namna hiyo likishatoka halirudi mdomoni.

Akazipeleka kwa Asakaji sonara. Nani asiyejua kuwa sonara hukwangua hata dhahabu ya mama yake mzazi? Ndiyo maana mwenye mali huketi hapo hapo penye moto tangu mwanzo hadi mwisho. Khilkumari alisogea hata goti lake likagusa mvukuto. Chai aliikataa, maana kikombe huziba macho. Mizani ya umeme aliikataa pia, akisema mashine haina aibu. Asakaji akacheka, akateremsha mizani ya shaba ya babu yake, na mbegu nyekundu za tipitipi za kupimia vipande vidogo. Mbegu hazikuhitajika. Bangili zilitimia tola tatu barabara.

Khilkumari akajiona mrefu. Lakini Asakaji hakufurahi naye. Alizigonga bangili kwa ukucha, akatega sikio, akazigonga tena, na mwanamke akajua moyoni kwamba hila ndiyo hiyo inaanza.

"Dada, dhahabu ya tola tatu haiwi nene hivi," alisema sonara. "Niruhusu nizikate."

"Kata mbele yangu. Na mikono ya shati ikunje."

Akaikunja hadi juu ya viwiko, akakata. Ndani mlikuwa na lakiri. Alipoisogeza motoni ilichemka, ikatoka ikichuruzika, nyeusi, na chumba kizima kikanuka kama posta wanapopiga mihuri. Ilipokwisha kutoka, aliyarudisha yale maganda ya dhahabu mizanini. Tola moja na nusu.

Khilkumari akamtafuta mwizi. Sonara? Mikono ilikuwa wazi, na yeye hakupepesa jicho. Mavyaa yake, marehemu? Bangili hazikuwahi kumvuka kiganja tangu siku ile ya arusi. Kila njia aliyoishika ilimfikisha kwa mtu yule yule aliyesimama mbele ya wakwe akitangaza. Kikulacho ki nguoni mwako. Laiti angekubali kile kikombe cha chai, walau angekuwa na wa kumshtaki. Uchungu ulimpanda, na haya juu yake.

"Akina baba wengi walifanya hivi," Asakaji alisema taratibu. "Mtu ana binti, dhahabu hana, na wakwe wamekodoa macho. Afanyeje?" Akafuta koleo yake. "Waambie wakwe wa binti yako nimeiba mimi. Wataamini bila kuuliza. Sonara gani hajaitwa mwizi?"

Khilkumari alimkazia macho. Aliyageuza maneno hayo huku na huku akitafuta faida ya mtu huyu imejificha wapi, kama alivyozoea kutafuta maji ndani ya maziwa. Hakuiona. Ndipo akajifunika shali usoni, akalia.

Asakaji alimwacha alie, akawa anachochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Tengeneza mkufu wa tola moja na nusu," Khilkumari alisema hatimaye. "Nitawaambia mwenyewe, na nitawaambia kwamba baba yangu alikuwa maskini."

"Na wakiikataa ndoa?"

Khilkumari alijifuta uso kwa pindo la shali.

"Wakiikataa nitakuja hapa kulia tena," alisema. "Lakini mwizi hutakuwa wewe."