Simu Iliyowangojesha Wakwe

Nilifika Nairobi nikinuka samaki. Safari yenyewe ilianzia ufukweni mwa Ziwa Turkana, juu ya lori la magunia ya samaki wakavu, na ilichukua siku tatu kwa sababu dereva alikuwa mtu wa kusalimia watu. Lodwar alisalimia jamaa zake. Kitale alisalimia wakwe zake. Nakuru alimsalimia mtu ambaye mpaka leo sijui alikuwa nani kwake, maana waligombana tangu tulipofika hadi tulipoondoka. Mimi nilikaa juu ya magunia, mfuko wangu mmoja magotini, mtu mzima wa miaka arobaini na moja mwenye cheti cha kidato cha nne kilichozunguka Kenya kuliko madereva wengi. Nilikuwa nimeishi Malindi, Isiolo, Busia na huko ziwani. Kila mahali nilikumbuka nilikotoka, na nilipokumbuka sana nilihama. Ajabu ni kwamba sikuwahi kurudi nilikokumbuka.

Tulipoanza kuteremka kutoka Limuru, simu yangu iliyokuwa kimya kwa miezi ilianza kurukaruka mfukoni. Toleo jipya liko tayari. Programu kadhaa zinakungoja. Nilibonyeza "kubali" kwa kila kilichoulizwa, na lori liliposhusha mzigo Gikomba, simu ilikuwa na herufi mpya, milio mipya na taa ndogo iliyomulika nisiyojua maana yake. Nilijiona kama bwana harusi. Watu walipishana nami wakishika pua.

Nilipata kazi katika duka moja Kariobangi, ya kufunga TV ukutani na kuunganisha waifai, na chumba Tassia, ghorofa ya tatu. Pale kwetu nyumba nane zilitumia waifai moja. Huo ndio ulikuwa ujirani wetu na ndio ulikuwa ugomvi wetu, kwa sababu kila mwenye simu aliweza kurusha picha kwenye TV ya mwenzake. Mama mmoja wa kwaya alikuwa na tabia ya kubonyeza TV ya kwanza anayoiona kwenye orodha. Kijana wa mlango wa mwisho angekuwa anatazama mpira, penalti ndiyo inapigwa, mara waimbaji thelathini wenye joho la zambarau wanajaa kiooni.

"Mathe, toa hao watu kwa nyumba yangu!"

"Ungekuwa unaenda kanisa hawangekufuata!"

Mpangaji mwingine, karani, alishinda zawadi ya mashine ya kufagia inayojiendesha yenyewe. Chumba chake kilikuwa kimoja, na nusu yake kitanda. Mashine ilifagia dakika moja ikaona kazi imeisha, ikatoka mlangoni, ikafuata korido yote hadi kwenye ngazi. Akina mama waliokuwa wakifua waliacha nguo wakaifuata wakiishangilia, na mmoja aliielekeza kwa mguu iingie kwake. Tangu siku hiyo karani hakuimiliki tena. Iliishi kwa zamu, nyumba hadi nyumba, kama mchango wa chama.

Mimi nilikuwa daktari wa mambo hayo yote. Ushauri wangu ulikuwa mmoja, na niliutoa bure kwa kila aliyebisha hodi akiwa ameshika simu kama mtoto mwenye homa: ukiulizwa, kubali tu. Mimi niliamini kila toleo jipya ni neema.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono mikubwa na masikio yaliyokufa. Mashine za kupasua na kusugua mbao katika karakana ya Kariobangi zilikuwa zimeyala kidogo kidogo. Alikuwa amejaribu kifaa cha kuvaa sikioni, kikapiga mbinja kila alipotafuna, akakifungia kwenye kabati. Watu walimwandikia vitu kwenye kiganja, au walipiga kelele, au, kama wengi wetu, walitabasamu tu wakapita.

Jambo lililomkera zaidi lilikuwa moja, na alinieleza jioni ya kwanza niliyokwenda kumfungia TV. Binti yake mkubwa alipoposwa, ndugu mdogo wa mzee ndiye aliyeongea kwa niaba yake. Mzee alikaa pale akitingisha kichwa. Siku mbili baadaye aligundua kwamba alikuwa amekubali harusi ifanyike Desemba, mwezi ambao karakana haina nafasi ya kupumua, na kwamba alikuwa amecheka sana mzaha uliomhusu yeye mwenyewe.

"Na sasa wanamjia huyu wa pili," alisema. "Watu wa magharibi. Watabisha hodi hapa kwanza, ndio baadaye mbuzi waende nyumbani. Siku hiyo baba ndiye humuuliza binti mbele ya wageni, 'Hawa watu unawajua?' Binti hujibu. Nataka kumuuliza mimi, na jibu nilipate mimi. Sitaki kuletewa habari ya nyumba yangu."

Nilichukua simu yake niitazame. Ilikuwa na apdeti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikubali. Nilikubali. Tuliisubiri tukinywa chai, na iliporudi ilikuja na kitu nilichokuwa nimekisikia tu dukani: unaifungua, inasikiliza watu wakiongea, na maneno yao yanaandikika papo hapo, kwa Kiswahili.

Kutoka jikoni mke wake alipaza sauti, si kwa mzee bali kwangu. "Hebu muulize kama amemeza dawa."

Maneno yalipita kwenye kioo. Mzee akayasoma, akajibu, "Nimemeza."

Tulisikia mwiko ukianguka. Mama alitokea mlangoni, unga hadi kwenye viwiko, akamtazama, kisha akamwambia polepole, "Wewe kichwa ngumu."

"Nimeona," alisema mzee.

Walicheka hadi mama akakaa chini. Baadaye alinivuta kando akaniuliza kama kuna namna ya kuizima akiwa anaongea peke yake.

Wiki mbili zilizofuata mzee alikuwa hatembei, anaruka. Alisoma mahubiri, alisoma kondakta, alisoma ugomvi wa penalti na kwaya mwanzo hadi mwisho na kutoa hukumu. Simu ilimruhusu kuiongezea maneno isiyoyajua, naye akaiongezea jina la ukoo wake, la kijiji chake, na yote yanayohusu mbuzi na posa. Kitu kimoja tu kiliishinda: Sheng, lugha ya vijana wa mitaani. Binti yake huyo wa pili, aliyekuwa karani katika ofisi ya mizigo, akianza Sheng yake ya Kayole simu iliweka nukta tatu ikangoja, kama mgeni mwenye adabu.

"Huyu ndiye atatuharibia," mzee alimnyooshea kidole. "Siku hiyo utaongea kama mtangazaji wa habari."

Kwa ajili ya siku hiyo alichonga kigoda kidogo cha kusimamishia simu, kifaru mwenye mwanya mgongoni.

Wageni walikuja Jumamosi mchana. Kijana mwenyewe, fundi wa umeme kiwandani, alikuja na mjomba wake, shangazi yake na wazee wawili. Shangazi alikuwa mwanamke mpana mwenye kitambaa cha kichwa kilichogusa juu ya mlango. Niliweka simu juu ya kifaru, nikairusha picha yake kwenye TV ili mzee asome herufi kubwa. Mama wa kwaya alikuwa ameapa mbele yetu sote kwamba siku hiyo hatagusa simu.

Hapo ndipo raha ilipoanza. Watu wa kawaida wakiona maneno yao yanaandikwa kwenye TV hawabaki watu wa kawaida. Mjomba, aliyeingia akisema "Niaje watu wangu," aliona nukta tatu, akakohoa, akanyoosha mgongo.

"Tumewasili salama salimini," alisema, "licha ya changamoto za barabara."

TV ikaandika yote. Mjomba akajisoma kwa kuridhika. Kutoka hapo hakuna aliyeongea chini ya kiwango hicho. Mzee mmoja wa kwao aliomba maji kwa sentensi iliyokuwa na "ilhali" ndani yake. Binti alikuwa ameuma leso asicheke.

Salamu zikaisha, sala ikaisha. Chapati zilinukia jikoni, lakini hakuna kilichoweza kuliwa kabla ya swali. Mzee akasimama. Akarekebisha koti. Akamgeukia binti yake, na wakati huohuo kwenye simu na kwenye TV, kwa herufi kubwa kuliko zote, kukatokea: Toleo jipya liko tayari. Ungependa kuanza upya sasa?

Nilifungua mdomo. Lakini mzee alikuwa mwanafunzi wangu mzuri. Kidole chake kikubwa cha mchonga vinyago kilitangulia.

"Kubali tu," alisema kwa fahari, akabonyeza.

TV ikawa nyeusi. Simu ikawa nyeusi. Kisha kwenye simu kukaja duara dogo na asilimia mbili.

Nilitamani ile mashine ya kufagia ije inichukue. Mke wa mzee alinitazama, na sikuhitaji maandishi. Mzee alibaki amesimama, anatutazama midomo mmoja baada ya mwingine, na nikaona ile tabasamu ya zamani ikianza kumrudia, ile ya kutingisha kichwa.

Ndugu yake mdogo, yule msemaji wa posa ya kwanza, hakukawia. Alikuwa ameketi karibu na dirisha siku yote kama mchezaji wa akiba. "Basi," alisema akiinuka, "wageni wasilale njaa. Nitamuuliza msichana mimi kwa niaba ya ndugu yangu, halafu tutamweleza."

Mjomba wa kijana alitoa simu yake kutusaidia, lakini ilikuwa ya zamani, haina hiyo kazi. Yangu nayo haikuwa na hata neno moja kati ya yale ambayo mzee alikuwa ameifundisha yake.

 Hapo shangazi aliweka mkoba wake chini.

"Baba mdogo, kaa," alisema. "Sisi tumetoka mbali kuongea na mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko asilimia ngapi?"

Nikachungulia. "Kumi na moja."

"Tutamngoja."

"Lakini mama, hii inaweza kuchukua..."

"Kwani kijana wetu amechukua miaka mingapi kuamua kuoa? Tumengoja huyo, tutashindwa na simu?"

Nilichukua kiganja cha mzee nikamwandikia kwa kidole: wanakungoja wewe. Alikisoma kiganja chake, akanitaka niandike tena. Kisha akaketi, akakunja mikono, akafanya uso wa mtu anayengojwa.

Basi tukangoja. Asilimia ishirini mjomba alilegea akarudi kuongea kama zamani. Thelathini majirani walianza kuchungulia mlangoni kuuliza kama swali limeshaulizwa. Ilipokwama arobaini na nane, shangazi aliisemea kwa lugha ya kwao, kwa ukali, na ikasogea. Kuanzia sabini tulihesabu kwa sauti, Wakamba na watu wa magharibi pamoja, pamoja na korido nzima, na ilipofika mia moja tulipiga makofi kama timu imefunga. Kisha simu ikaomba namba ya siri. Mzee alituangalia kwa mashaka, akatuamuru sote tugeuke. Tukageuka, wakwe na wote, tukitazama ukuta.

Maandishi yakarudi. Nikayarusha kwenye TV. Mzee akasimama tena.

"Hawa watu," alimuuliza binti yake, "unawajua?"

Binti aliondoa leso mdomoni. Alisema wazi, kama mtangazaji. Baba akatoa macho kwake akayapeleka kwenye TV.

Ninawajua, baba. Nimewaita mimi mwenyewe. Mnaweza kula nao.

Mzee alisoma hadi mwisho, akarudia kusoma, midomo ikicheza.

"Sikupata vizuri," alisema.

Binti akarudia. TV ikaandika tena.

"Na mara moja zaidi. Hii TV ina mwanga wa dirisha."

"Ai, dadi, unanichoma bana! Si nishasema!"

Nukta tatu. Lakini mzee hakuwa anaitazama TV. Alikuwa anamtazama yeye, na alicheka kabla ya mtu yeyote, mzaha huu akiwa ameupata wa kwanza. Shangazi alipiga kigelegele kirefu ambacho simu ilikiandika: makofi. Chapati zikatoka jikoni zikikimbia.

Niliishi Tassia mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo. Mbuzi walikwenda Ukambani, harusi ilifanyika, si Desemba. Halafu asubuhi moja, nikifunga TV kwenye ghorofa fulani, niliona lori la samaki likipita chini, na nikakumbuka ziwa. Hivyo nikajua nimeshahama, ila sikwenda ziwani. Nilipata kazi ya kufunga taa za sola Marsabit.

Mzee alinisindikiza hadi barabarani. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kifaru, akakitia kwenye mfuko wangu. Halafu akanyoosha simu mbele ya mdomo wangu.

"Utarudi lini?"

Angekuwa yule mzee wa kabla ya simu ile, ningetabasamu tu nikapita. Nilisema ndani ya koo, karibu bila sauti, "Nitarudi, mzee. Hivi karibuni." Ikaandikika. Alinigeuzia kioo nijionee.

"Umeona? Iko hapa. Huwezi kukana."

"Lakini mzee," nikamkumbusha, "hayo maandishi hufutika baada ya siku tatu."

Alisoma, akafikiri, akaitia simu kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

"Basi una siku tatu," alisema, akanisukuma ndani ya gari.