Shati Lililonukia Sambusa

Siku moja siisahau, mwanangu, nayo ilikuwa siku ya kufua. Acha nikusimulie, maana jana uliponiambia kwenye simu kwamba umetoa nazi, karanga na chupa ya mafuta ndani kwako, mumeo asionje hata tone kwa sababu ya yale aliyoambiwa hospitali, nilicheka mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Binti yako kanirithi." Akaelewa papo hapo, akaenda zake anatikisa kichwa.

Tulikuwa vijana, tunakaa hapa hapa Dunda, Bagamoyo, na wewe hujajua hata kutambaa. Baba yako alikuwa fundi wa injini za boti, na kitambi chake kilikuwa kinaingia mlangoni kabla yake. Basi akabanwa na kifua kazini. Kupimwa, akaambiwa mafuta yamezidi kwenye damu: apunguze ya kupikia, vya kukaanga aachane navyo, la sivyo moyo utakuja kumwangusha. Mwanangu, niliogopa! Nilijiona tayari nimekaa eda na ujana wangu ule. Kufika nyumbani nikampa jirani nazi zangu zote pamoja na mbuzi ya kukunia. Karanga nikagawa, mafuta nikagawa. Tukaanza kula wali mweupe wa maji matupu, mchicha wa kuchemsha, na samaki chukuchuku asubuhi na jioni. Hata paka alihama.

Baba yako hakulalamika. Anachota matonge mawili matatu, anasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba," ananawa. Nami najisifu kimoyomoyo, nimepata mume mwenye subira. Ila kitambi hakipungui, na kila akigusa kifua roho yangu inaruka.

Ndipo bibi yako Mwanaidi, mamaake baba yako, akaja kututembelea kutoka Mlingotini. Bibi yako hakuwa mtu wa maneno mengi, Mungu amrehemu, lakini akisema umesemwa. Nikampa shikamoo, nikampokea, nikamwandalia chakula chetu kile kile. Akala. Alipomaliza akanifuata uani nilikokuwa nafua, akavuta kigoda. Nilikuwa nasugua shati la kazi la baba yako, mfuko wa kifuani umelowa mafuta.

"Hayo ya nini?"

"Ya injini, mama. Kila siku ndiyo hivi."

Akaliomba. Akalinusa. Akalinusa tena, safari hii amefumba macho.

"Injini za Bagamoyo siku hizi zinatiwa kitunguu na pilipili manga?"

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, mwanangu, mie wangu nilikuwa namfua kwa mikono yangu. Baba yako aliporudi, mamaake alimwinulia lile shati tu. Njia ya mwongo ni fupi. Baba yako akamwaga yote: kila mchana sambusa na chipsi kule stendi, kwa mkaangaji ambaye mafuta yake yalikuwa yamo karaini tangu juzi, yamekuwa meusi kama kahawa. Zile zinazobaki anazitia mfukoni, azile njiani.

"Kipendacho roho, mama..." akaanza kujitetea.

"Hula nyama mbichi, najua. Unataka mimi mama yako ndiye nikuzike?"

Hapo hakuna aliyecheka. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nangoja kusifiwa.

"Na wewe mkwe wangu, umefukuza nazi moja jikoni, mumeo kaenda kutumbukia kwenye karai la barabarani. Aliambiwa apunguze. Adhabu hii ya wali mweupe kaiandika daktari gani? Kafuate mbuzi yako."

Jirani aliirudisha kwa uso wa msiba, maskini. Bibi yako akavunja nazi moja tu. Akakamua tui zito, akaliweka pembeni, akapikia samaki kwa lile jepesi. Tui zito akamalizia vijiko viwili, kwa harufu. Mchicha akautia kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Jioni ile baba yako alifuta sahani kwa kidole, mwanangu, na machozi yakanitoka kwa furaha. Stendi hakurudi tena. Kitambi kikaondoka taratibu, na kila alipokwenda kupimwa alirudi anapiga mluzi.

Baadaye muuguzi alinieleza kwamba kuna vitamini haziingii mwilini peke yake, lazima zisindikizwe na mafuta. Nikasema kumbe ni kama bibi harusi, hatoki bila somo yake! Akacheka sana.

Sasa nisikilize. Alilokatazwa mumeo na daktari mfuate daktari, lakini usimgeuze mgonjwa kuwa mfungwa. Mpikie chakula atakachokitamani. Mpe vibua na dagaa, mafuta yao ni rafiki wa moyo. Mpe kipande cha parachichi, karanga kiganja kimoja, si kikapu. Nazi iwe ya siku mojamoja, na tui liwe jepesi. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yamwage, usiyahurumie. Na mjukuu wangu je, naye umemwingiza kwenye kifungo hicho? Mtoto mdogo anakua kwa mafuta, mwili na akili. Mrudishie karanga zake kwenye uji leo hii, kabla sijapanda gari kuja huko.

Baba yako yuko uani sasa hivi, anakuna nazi. Moja. Kaomba ya pili, nikamwambia alete shati kwanza ninuse.

Nenda mwanangu, Mungu akubarikie jiko lako na wote wanaokula kwako. Akuzeeshe na mumeo, mfike mahali nanyi mgombanie nazi ya pili, naye awepo hapo wa kugombana nawe.