Ndege Mbili Tu Angani

Wulandari alikuwa akimcheka kimoyomoyo mzee aliyekaa naye katika chumba cha kuongozea ndege. Kila baada ya dakika mbili, mzee yule aligusa kwa kalamu ndege zote kwenye kioo cha rada, akinong'ona jina na kimo cha kila moja. Zikipungua, alisimama wima. "Kichwa changu pakacha linalovuja," alisema. "Leo nimekuja na kandambili moja ya mke wangu." Wulandari, aliyejiona ana jicho la kipanga, hakuhitaji vituko hivyo.

Alasiri moja juu ya Sulawesi zilibaki ndege mbili tu, na mawazo yake yakahamia mkahawani, kwenye supu ya nyama iitwayo koto. Alimwambia rubani mmoja ashuke hadi futi elfu kumi na mbili. Rubani akarudia, "Elfu kumi." "Sawa," akajibu Wulandari. Mzee akamshika bega. "Mwanangu, kasema kumi! Kumi kuna mwenzake!" Wulandari akamsahihisha rubani upesi.

"Lakini zilikuwa mbili tu, Mzee."

"Hizo ndizo zinazotulaza. Zikiwa ishirini, nani atasinzia? Niachie kiti, kaandike ripoti."

"Niandike nini?"

"Ulikuwa wapi."

Wulandari akajicheka, machozi yakimlengalenga, akaandika: Mkahawani.