Magunzi Ukumbini

Mwanangu wa kijijini Puge, mtoto wa mdogo wangu, aliletwa kwangu mjini, mtaa wa Ng'ambo, mama yake alipolazwa hospitali. Alikuwa mdogo, hajaanza shule. Nilimsemesha Kiswahili, nikamsemesha Kinyamwezi cha kwao. Kote alijibu kwa kichwa.

Nilimnunulia mwanasesere wa plastiki. Alimpokea kwa mikono miwili, akamweka kabatini kama amana ya watu.

Asubuhi moja nilikuwa uani napukuchua mahindi. Akavuta gunzi, akaokota kipande cha kitambaa chini ya cherehani yangu, akalifunga gunzi kiunoni. Akavuta la pili. Nikawa namsogezea vitu: vifuniko vya chupa, vijiti, maboksi matupu ya dukani. Haukupita muda, kona nzima ya ukumbi ikawa yake.

Binti yangu wa darasa la nne hakuvumilia. "Kitanda hakiwi hivyo! Ngoja nikuoneshe."

"Mwache," nikamwambia. "Ukitaka kucheza, yeye ndiye akupangie kazi."

Akanuna, kisha akaketi. Akapangiwa kuchota maji kwa kifuniko.

Mume wangu naye alisimama mlangoni akiwa na kofia mkononi. "Dada anakuja Ijumaa. Hizi takataka si zitoke?"

"Hazitoki. Dada atapita pembeni."

Alinitazama, akacheka. "Haya. Mwenye nyumba kashasema."

Ijumaa wifi yangu akafika, mtu mzima, mzito wa magoti.

"Shikamoo, shangazi," watoto wakamwamkia pamoja. Mmoja kwa sauti, mwingine kwa midomo tu.

"Marahaba." Akainama juu ya maboksi. "Mbona huyu kalala peke yake?"

Nilikuwa na sinia la chai mkononi. Nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeizoea.

"Huyo mama. Anaumwa. Hawa wamekuja kumwona, lakini mlinzi anakataa watoto."

Wifi yangu akavua viatu, akajishusha mkekani taratibu. "Mlinzi ni mimi. Nimeruhusu. Pita, mwanangu."

Mtoto akachukua gunzi dogo kuliko yote, akalipitisha mlangoni mwa boksi, akalilaza ubavuni mwa lile kubwa. Akakaa akiyatazama. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama mkubwa, mama atapona?"

Nikaweka sinia chini nikamweleza yote niliyoambiwa na daktari, bila kuficha. Kesho yake nilimpeleka akamwone mama yake dirishani, na tangu siku ile alizungumza mpaka tukamwomba apumzike ale.

Mdogo wangu alipona, akaja kumchukua. Nikamwambia mtoto achague magunzi ya kwenda nayo, nikamtafutia na mfuko.

Akautazama mfuko, akanitazama mimi kwa huruma kidogo.

"Mama mkubwa," akasema, "Puge magunzi yapo."