Fimbo Nyekundu

Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye huandika habari za klabu yetu ya marubani hapa Jinja, na kila mara huapa kwamba hii ndiyo ya mwisho. Watu mjini wakisikia "klabu ya marubani" hudhani tunakalia mazulia. Tuna banda la mabati, ndege moja ya viti vinne, birika, na wanachama kumi na wawili ambao saba kati yao huja kunywa chai tu. Habari zenyewe ni zilezile. Nyasi za kiwanja zimekatwa. Nyasi za kiwanja hazijakatwa. Mwanachama wa Budondo ameomba tena tupite juu ya shamba lake ili mkewe aamini kwamba kweli anajua kurusha ndege. Nimechoka kuziandika, na nadhani wao wamechoka kuzisoma.

Ukurasa wa mwisho una sehemu iitwayo "Kosa Langu". Rubani aliyekosea huliandika kosa lake kwenye karatasi bila jina, akaitumbukiza kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko, nami nikalichapa ili wengine wajifunze. Hakuna anayeuliza ni nani. Ndivyo ilivyokuwa tangu klabu ianze, mpaka nilipoiharibu desturi hiyo mimi mwenyewe.

Karatasi moja ilisema: "Niliruka kwenda Mbale bila kufunga kifuniko cha tangi. Mafuta yalimwagika njiani." Mimi ni mkuu wa usalama wa klabu, na nimezeekea katika karakana za jeshi, ambako kosa lazima liwe na mwenyewe. Nikachukua daftari la safari, nikafuatilia nani aliruka lini, nikampata. Alikuwa mzee wetu Kalasinga, fundi wa mbao na vyuma, aliyenifundisha kutua pale nilipokuwa naogopa hata kuinamisha pua ya ndege. Siku hiyohiyo niliandika kanuni mpya: anayekosea jambo la mafuta anarudisha ufunguo wake wa ndege, na harushi tena. Kamati ikakubali. Mzee akaweka ufunguo mezani.

Tangu hapo huja kila Jumamosi na chupa yake ya chai, anaketi kwenye benchi nje ya banda, anatazama wengine wakiruka. Mimi nilikuwa nampungia mkono kwa mbali na kupita haraka, kama mtu mwenye kazi nyingi. Kopo halikupata karatasi tena. Kila mwezi chini ya "Kosa Langu" nikawa naandika: Hakuna. Nawajua marubani. Ulikuwa uongo mtupu.

Sasa nieleze fimbo. Kwenye ndege ndogo kama yetu, sindano ya mafuta haiaminiki. Leo inasema tangi limejaa, kesho inasema tupu, na tangi ni lilelile. Kwa hiyo kabla ya kuruka tunatumbukiza fimbo ndani ya tangi, tunaitoa, tunasoma mafuta yameilowesha mpaka alama gani. Fimbo zetu alizichonga yule mzee kwa mti wa mvule. Ya ndege hii haina rangi. Ya ndege yetu ya zamani, ambayo tuliiuza, aliipaka nyekundu. Ile ndege ilikuwa na matangi mapana yasiyo na kina, kwa hiyo alama ya nusu kwenye fimbo yake iko chini sana. Ukipima nayo ndege ya sasa, itakuonyesha mafuta mengi kuliko yaliyomo. Mzee aliniambia niichome. Sikuichoma. Nilijifunzia ndege ile, nikaona vibaya kuichoma, nikawa natembea na fimbo yake kwenye nyasi kufukuzia nyoka.

Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu kumpeleka Mbale mwanachama wetu mpya, mama daktari anayekaa Nkoma, kulekule Mbale, ambaye bado anajifunza. Wiki nzima sikuwa nimelala vizuri. Nilipima matangi kwa fimbo iliyokuwa mkononi, nikasoma zaidi ya nusu, nikaandika daftarini, nikatia sahihi.

Tulipita juu ya mashamba ya miwa, kisha mabonde ya mpunga. Mlima Wanale ulipoanza kuonekana, daktari aligusa kioo cha sindano.

"Afande, hii iko chini sana."

"Achana na hiyo. Mimi nilipima na fimbo."

Akaondoa kidole kwenye kioo. Wananiamini, huo ndio ubaya wake.

Tulipokuwa tunazunguka ili tutue, injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Nilisahau mzunguko, nikaelekeza pua moja kwa moja kwenye kiwanja, nikashuka vibaya, magurudumu yakadunda mara mbili. Ndege ikiwa bado inatembea kwenye nyasi, injini ikazimika yenyewe.

"Imezimika?" daktari aliuliza.

"Nimeizima mimi," nikasema. "Tusiwatishe ng'ombe."

Hapakuwa na ng'ombe. Alitazama kiwanja kitupu, akanitazama mimi, akachukua mkoba wake. Aliniaga vizuri tu, akapanda boda boda kwenda kwake. Nilipobaki peke yangu niliivuta fimbo kutoka nyuma ya kiti ili nipime tena. Kwenye ncha yake, mahali ambapo mkono wangu haufiki kuisugua, palikuwa bado na rangi nyekundu. Niliketi chini ya bawa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata nilipokuwa kuruti.

Mafuta yalipatikana kwa dumu, nikarudi Jinja salama. Hakuna aliyejua. Hata daktari angeuliza, ningempa uongo mwingine. Nilikaa na karatasi ya habari za mwezi siku tatu. Nikiandika, ufunguo unakwenda, na bila ufunguo sijui Jumamosi zangu zingekuwa za nini. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali. Ningeweza kuandika bila jina. Lakini ningekuwa na haki gani ya kufichwa na kopo lile, baada ya mimi kuivunja siri yake?

Nikaandika yote: fimbo, sindano, daktari aliyeniuliza na uongo niliomjibu. Kisha jinsi nilivyomtafuta mzee kwa daftari. Nikaomba ile kanuni yangu ifutwe, ila kwangu ifanye kazi kwanza. Chini nikaweka jina langu lote, na cheo cha jeshini, sijui kwa nini. Jumamosi nikaweka ufunguo mezani, nikawagawia wanachama karatasi, nikatoka nje kabla hawajafika ukurasa wa mwisho.

Mzee alikuwa kwenye benchi na karatasi yake. Alisoma polepole, akivuta ndevu. Daktari alikuwa anaiwasha ndege na mwalimu mwingine, kwa hiyo tulisubiri mpaka kelele ipungue.

"Ile nyekundu nilikuambia uichome," akasema.

"Uliniambia, mzee."

"Mimi nilikuwa nasubiri karatasi yako miaka miwili. Si ya fimbo. Ya daftari."

Akajisogeza, akapiga ubao kwa kiganja.

"Keti. Si hapo, hapo kuna msumari. Huku."

Nikautazama msumari. Kichwa chake kilikuwa kimeng'aa kwa kusuguliwa na suruali ya mtu mmoja. Mwezi baada ya mwezi, kwenye habari nilizoandika mimi, palikuwa na mstari: benchi la nje linahitaji kutengenezwa. Na nyundo ya klabu hukaa kwenye gari langu.