Sweta la Kijivu la Kaka Mun-ho

Kaka yangu Tak Mun-ho, Rafaeli kwa jina la ubatizo, alikuwa na studio ya picha mjini Naju. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua, aliipima skrini ya kompyuta yake. Alifunga pazia, akazima taa, akavaa sweta la kijivu lililoning'inia msumarini, kisha akaiwasha skrini na kuiacha ipate moto. Ilipokuwa ikipata moto, yeye alisali rozari. Ndipo alipotundika kipimo chake, kidude cheusi kama kopo la rangi ya viatu, usoni pa skrini, kikasoma rangi moja baada ya nyingine na kuzisahihisha.

"Kaka, skrini yako inaugua nini kila wiki?" nilimtania siku moja.

"Macho huzoea uongo upesi. Kipimo hakizoei. Na wewe usogee na hilo koti lako jekundu, linang'aa mpaka kwenye kioo cha skrini."

Kazi yake kubwa ilikuwa picha za wazee, zile ambazo mtu hupiga akiwa hai ili siku yake ikifika zitangulie mbele ya waombolezaji. Bibi mmoja alimwambia, "Kijana, nitoe mikunjo yote."

"Nikiitoa yote, bibi, mzee wako atakupita hukohuko mbinguni asikujue."

Bibi alicheka, na cheko hilo ndilo alilolipiga picha.

Mun-ho alifariki masika, kwa ugonjwa wa ini. Siku za mwisho alikuwa wa manjano mpaka machoni. Kwenye chumba cha maombolezo mama alimwambia wifi yangu Yeong-ran neno moja tu: "Nataka nimwone kwa rangi niliyomzaa nayo."

Picha ilikuwepo, niliipiga mwenyewe kwenye shamba la mapea kabla hajaugua. Mimi na wifi tukatoka kwenye sala tukaenda studio vilevile tulivyokuwa, katika nguo nyeupe za msiba na shela nyeupe kichwani. Tukawasha taa, tukakaa. Kwenye skrini picha ilionekana imepauka, kana kwamba imemwagiwa maziwa. Wifi akaikoleza, akaikoleza tena, tukaichapa.

Mama aliipeleka dirishani. "Huyu mmemtoa jikoni? Amejaa moshi."

Wifi alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Waombolezaji walikuwa njiani, na mbele ya maua hapakuwa na uso.

Tuliporudi studio skrini ilikuwa imezimika. Ndani ya kioo chake cheusi nikaona wanawake wawili weupe.

"Wifi, tazama. Weupe ule kwenye picha ulikuwa wa nguo zetu."

Akatazama muda mrefu. Kisha akatazama msumarini, sweta lilikokuwa bado linaning'inia. Kwetu nguo za marehemu huchomwa baada ya maziko, hazivaliwi.

"Mama akiniona nimelivaa?"

"Vaa, wifi. Mungu anajua ni kazi."

Akavua shela, akalivaa sweta juu ya nguo ya msiba, mikono ikampita vidole. Mimi nikajibanza nyuma ya mlango na weupe wangu. Tukazima taa, tukafunga pazia. Tangu kaka alazwe hakuna aliyeipima skrini ile. Ilipokuwa ikipata moto, tulisali rozari kama yeye, wifi akianza, nami nikiitikia gizani. Kisha akatundika kipimo, nacho kikapita kwenye nyekundu, kijani, bluu, na kijivu za kila namna.

Kilipomaliza, picha yetu ilitutazama ikiwa nyeusi kama alivyosema mama. Wifi akapunguza kiza kidogo kidogo, akiusogelea uso ule kama anayemwosha mtoto. Tukaichapa.

Mama alipitisha kidole shavuni mwa picha.

"Huyu amekula," akasema. "Mwekeni."

Ndipo alipomwona wifi bado yumo ndani ya sweta. Wifi akaanza kulivua.

"Acha," mama akasema. "Hilo msilichome. Jumatatu utavaa nini?"